Seli ya Watu Thelathini na Sita

Usidanganywe na mtu. Hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi Malawi, kitu kinachogawanyika upesi kuliko vyote ni kwaya. Leo ina watu arobaini, kesho kutwa mmoja amenyimwa solo, ananuna, anaondoka na mabesi wote, na Jumapili inayofuata kuna kwaya mbili zinazotazamana kwa jicho la pembeni chini ya bati moja. Mi nimekaa hapa miaka kumi na moja. Nimeshona sare za kwaya hamsini na tatu, na ninaapa waimbaji ni walewale.

Na kwaya haianzi kwa maombi, msije mkaambiwa hivyo. Inaweza kuwa na rais, katibu na jina refu la Kifaransa, lakini kama haijapimwa na fundi, watu wanasema, "Bale? Bale ni bantu tu banaimba." Siku fundi anapowazungushia futi kifuani na kuandika namba kwenye daftari, basi, kwaya imezaliwa, na hata mchungaji hawezi kuirudisha tumboni. Fundi mwenyewe ni mimi, Louise, Mama Raïssa, mwenye cherehani nyeusi barazani karibu na soko. Daftari langu lina jalada jekundu na nilitoka nalo Bukavu.

Raïssa ni mtoto wangu wa pekee. Ana miaka kumi na tisa na kichwa kinachonitisha. Mwaka huu aliitwa kwenye shindano la sayansi City Centre, kule Lilongwe: wanafunzi ishirini, nafasi moja ya kwenda chuo kikuu kusoma biolojia. Moja! Kila mwanafunzi alipewa dakika kumi za kuwaonyesha majaji jambo analolijua, kwa vifaa alivyo navyo. Wenzake wa Area 47, mtaa wa wenye pesa, walikuwa na kompyuta. Mwanangu alikuwa na kwaya ya Papa Rodrigue, watu thelathini na tano, ambao kati yao hakuna hata mmoja anayejua kukaa kimya.

"Mama, mu mwili seli zinaongea," alinieleza huku akinisaidia kukata vitambaa. "Ujumbe unafika ku mlango. Mlango unagusa protini yenye iko ndani. Ile inaamka, inabandikia mwenzake kaalama kadogo, fosfati. Mwenzake naye anaamka, anabandikia mwingine, vile vile mpaka ku kiini. Kiini kinasikia: gawanyika. Njo seli moja inakuwa mbili."

"Kama umbea," nikasema.

"Kama umbea, Mama, lakini huu unajenga mutu."

"Na mu ubongo?"

Hapo macho yakamng'aa. "Mu ubongo njo utamu wenyewe. Protini nyingi ni zile zile, alama ni ile ile. Lakini seli ya ubongo ikisha kukomaa haigawanyike tena. Ujumbe ule ule ukifika, yenyewe inasikia: shika mwenzako, kumbuka. Na ukiilazimisha igawanyike, haizae mbili. Inakufa."

"Ju ya nini ife?"

Kwenye vitabu, aliniambia, maelezo ni marefu na wataalamu bado wanabishana. "Lakini mi ninaonaka hivi: iko na bitu inajua. Ikijikata mbili, nani atabaki nabyo?"

Basi tukapanga. Kwaya itakuwa seli. Mlango atakuwa Papa Asumani, Mwislamu wa Kindu anayeuza chumvi sokoni. Haimbi, lakini hakuna anayepita kwenye meza yake bila kusalimiwa na kuulizwa habari za nyumba nzima, na Raïssa alisema mlango wa seli uko hivyohivyo. Alama zitakuwa vitambaa vya njano, mabaki ya satini niliyonunua Chilinde. Anayebandikwa kitambaa ameamka, naye anambandika anayefuata. Sehemu ya kwanza wataigiza seli ya ngozi: ujumbe ukifika kwenye kiini, wagawanyike. Sehemu ya pili wataigiza seli ya ubongo: ujumbe uleule, lakini washikane mikono na kuimba wimbo wa zamani.

Kuhusu nyimbo, kwaya yetu ina desturi yake. Karatasi ni moja tu, kwa sababu kunakili ni taabu. Inapita mkono kwa mkono, kila mtu anaitazama mara moja, na akishaitazama imeingia kichwani moja kwa moja. Anayesifika zaidi ni Léonidas, Mrundi wa sauti ya tenor. Mwonyeshe tiketi ya basi leo, mwakani atakuimbia namba yake.

Jumatatu tukafanya mazoezi. Asumani akapokea ujumbe, akausalimia, akauuliza habari, akambandika kitambaa mtu wa kwanza. Kitambaa kikamfuata kitambaa mpaka kwa Papa Rodrigue, kiini, naye akapiga kelele, "Mugawanyike!" Watu kumi na wanane, Léonidas akiwemo, wakaenda kushoto. Waliobaki wakaenda kulia. Ilipendeza kabisa, na Raïssa akapiga makofi.

"Muzuri sana! Sasa murudie."

Wapi! Hakuna aliyerudi.

"Turudie wapi?" akauliza Léonidas. "Sisi tumekwisha kuchagua bureau."

Walikuwa wamesimama upande ule dakika tatu. Katika dakika tatu wamepata rais, makamu, katibu, mshauri wa kiroho na jina: Sauti ya Upande wa Kushoto. Raïssa akawaambia kwamba ni mfano tu, ni sayansi. Léonidas akamjibu kwa upole kwamba kila mgawanyiko uliobarikiwa ulianza kwa mfano.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kujipiga kofi. Jioni ileile walikuja barazani kwangu wote kumi na wanane, wakajipanga kwa urefu, wakainua mikono kama kuku anayetaka kuruka. Ningesema hapana. Ningesema nina homa. Lakini mkono wa fundi una akili yake: ukiona kifua kimesimama mbele, unapima. Nilishapima kumi kabla kichwa hakijauliza tunafanya nini.

Na kuna ubaya zaidi. Daftari lilikuwa limejaa. Upande mmoja tu ulikuwa mweupe, nyuma ya ukurasa wa Lucien.

Lucien alikuwa mume wangu. Alibaki Bukavu, ardhini, Raïssa akiwa mdogo hivi, na sisi tukatoka mbio bila picha hata moja. Tulitoka na cherehani na daftari. Kwenye daftari kulikuwa na ukurasa wake, vipimo vya shati nililotaka kumshonea na sikuwahi hata kulikata. Mabega, kifua, shingo, mkono. Mtoto alipokuwa mdogo alikuwa akiweka kidole juu ya namba na kuniuliza, "Papa alikuwa hivi?" nami ninajibu, "Alikuwa hivi." Mtaniuliza, mama, namba nne tu hukuzishika? Fundi anaandika ili asahau, jamani! Mabega niliyajua. Mengine nilikuwa ninayafungulia daftari, na kulifungua ndiyo ilikuwa starehe yangu. Basi upande wa nyuma wa ukurasa ule, kwa mwandiko wa sisimizi, niliwaandika watu wa Léonidas. Nikajiambia ni karatasi tu.

Kesho yake Dzaleka nzima ilijua kwamba Upande wa Kushoto umepimwa. Upande wa kulia ukakasirika, ukataka nao kupimwa, ukagombana nani apimwe kwanza, ukapasuka. Nilifunga futi sandukuni. Haikusaidia kitu: walipimana wenyewe kwa kamba za viatu na kunitupia namba dirishani. Kufikia Alhamisi kwaya zilikuwa kumi na moja. Véronique, soprano, alikuwa kwaya peke yake. Alikuwa rais, katibu na waimbaji, na asubuhi hiyo alikuwa amejisimamisha mwezi mmoja kwa kosa la kuchelewa mazoezini. Alilipokea kosa lake kwa unyenyekevu lakini akakataa kujisamehe.

Asumani akaja na begi lake la vitambaa. "Mama Raïssa, mi niko mlango ya nyumba gani sasa?"

Na si mchezo. Mkimbizi hatoki kambini hivihivi. Mi na Raïssa tulikuwa na yetu; barua ya ruhusa ya kwaya kwenda Lilongwe ilikuwa moja, imeandikwa kwaya moja, watu thelathini na sita pamoja na mlango. Kwaya kumi na moja zinahitaji barua kumi na moja, na barua moja tu ilituchukua wiki sita. Shindano lilikuwa Jumamosi.

Nilimkuta Raïssa amekaa juu ya kitanda, anahesabu vitambaa vya njano ambavyo havikuwa na mtu wa kuvivaa. Hakulia. Afadhali angelia.

"Mama, njo we uliwabandikia alama," akasema. "Papa Rodrigue alisema 'mugawanyike' kwa mudomo tu. Ile ingepita. We njo ulibapima."

Nikataka kumkaripia, mama yako anaongeleshwa hivyo? Alisema kweli. Ulimi hauna mfupa, lakini futi langu lilikuwa na mfupa, na lilikuwa limemvunja mwanangu.

"Na mu seli," nikauliza mwisho, "alama ikibandikwa vibaya, hainaka mwenye kuitoa?"

"Iko. Iko protini ingine, kazi yake ni kubandua tu. Inapita nyuma ya benzake, inabandua, inabandua. Bila yeye mwili unaharibika."

Ijumaa nikaamka mapema, nikanywa chai, nikatoka kwenda kupimua watu. Neno hilo halipo, najua. Kazi ilikuwepo. Nilienda nyumba kwa nyumba, nikamzungushia mtu futi kinyumenyume, nikasoma namba zake kutoka ya mwisho kwenda ya kwanza, nikalikunjua futi na kulikung'uta mlangoni. Wengine walibisha. Papa Rodrigue, ambaye aliwahi kusomea sheria mwaka mmoja, akatoa uamuzi kwamba kipimo kilichosomwa kinyume ni batili mbele ya Mungu na mbele ya kanisa. Véronique nilimpimua mara mbili, mara moja kama rais na mara moja kama mwanachama. Kufikia jioni kwaya kumi zilikuwa zimekufa kwa amani na kurudi kuwa moja. Ilibaki ile ya Léonidas.

Jumamosi alfajiri lori la nyanya lilikuwa tayari, injini inanguruma, watu kumi na saba wamepanda na Asumani wao. Léonidas na watu wake walisimama chini, mikono kifuani.

"Mama Raïssa, sisi tuliandikwa," akasema. "Hatukupimwa kwa kamba ya kiatu. Kama munataka tufe, mutoe karatasi yetu tuione. Na mu ile seli ya ubongo, kiini nikuwe mi."

"Kiini utakuwa," Raïssa akasema haraka.

"Na karatasi?"

Nikalifungua daftari. Raïssa akachungulia, akaona ni ukurasa upi, akanishika mkono. "Mama, apana. Ule ni Papa. Acha. Nitajaribu mwaka ujao."

Mwaka ujao! Kama kuna mtu amemwahidi mwaka ujao! Hasira ikanipanda mpaka masikioni, hasira kwa Léonidas, kwa kwaya, kwa mkono wangu usio na adabu. "Panda gari," nikamwambia. Nikauchana ukurasa. Nilikuwa na hesabu yangu: nimpe Léonidas aone, aridhike, kisha niuombe nirudi nao nyumbani niubandike kwa gundi.

Léonidas akaupokea kwa mikono miwili. Akausoma upande wake, akahakikisha majina yote kumi na wanane. Akaugeuza, akautazama upande wa pili mara moja, kama mwimbaji anavyotazama karatasi. Halafu, kabla sijafungua mdomo, akaukunja, akautia kinywani, akautafuna na kuumeza, na kuushushia maji ya chupa ya Asumani.

"Sasa hakuna mwenye ataandika tena," akasema. "Tuko kwaya moja."

Watu wakashangilia. Mi nikakaa pale pale kwenye vumbi. Raïssa ndiye aliyemwambia. Alimwambia polepole, bila kupandisha sauti, upande wa pili ulikuwa nani. Léonidas akashika tumbo lake kwa mikono yote miwili na uso ukamwisha rangi. Safari nzima mpaka Lilongwe hakuna aliyeimba, na sijawahi kuona kwaya ya Kikongo na Kirundi ikisafiri juu ya nyanya bila kuimba.

Ukumbi ulikuwa na baridi ya mashine na viti vya bluu. Majaji walikuwa watatu, katikati mama mmoja Mmalawi mwenye miwani shingoni. Raïssa alizungumza Kiingereza, mi sikukifuata, lakini nilijua kila hatua kwa mikono. Asumani akapokea ujumbe. Kitambaa, kitambaa, kitambaa, mpaka kwa Papa Rodrigue. "Mugawanyike!" Wakagawanyika, kumi na wanane kushoto, wengine kulia. Nikafumba macho. Raïssa akawaita, na nilipofumbua walikuwa wanarudi, wote, Véronique mbele.

Ikaja sehemu ya pili. Wakapanga mstari mpya, Léonidas mwishoni, kiini. Ujumbe uleule ukaingia kwa Asumani, vitambaa vilevile vikatembea, bega kwa bega, mpaka cha mwisho kikabandikwa kifuani kwa Léonidas. Alipaswa kusema "Tukumbuke" na kuanzisha wimbo wa zamani.

Akakibonyeza kile kitambaa kifuani, hakuanza. Raïssa akamwonyesha kwa mkono aanze. Majaji wakaanza kutazama saa.

Ndipo akaimba, taratibu, kwa sauti ambayo sikujua anayo:

"Mabega, makumi ine na sita."

Na kwaya yetu, ambayo haijui kumwacha mtu peke yake na mstari, ikajibu: "Mabega, makumi ine na sita."

"Kifua, mia moja na ine."

"Kifua, mia moja na ine."

Shingo, makumi tatu na kenda. Masoprano wakaichukua juu, mabesi wakaikalia chini. Mkono, makumi sita na mbili. Walikuwa wameshikana mikono kama walivyofundishwa, na wakairudia tangu mwanzo, na Asumani, ambaye ni mlango na haimbi, aliimba. Lucien wangu alisimama pale City Centre katikati ya viti vya bluu, mabega yake yote, shingo yake yote. Nililia kwa sauti. Sikuona haya na sioni sasa.

Dakika kumi zilipita, zikawa kumi na nne. Yule mama mwenye miwani akasimama akauliza kitu, na Raïssa akamjibu. Baadaye kwenye lori aliniambia alivyowatafsiria namba na walichosemezana. Jaji aliuliza: "Namba hizo ni za protini gani?"

"Si za protini," Raïssa alijibu. "Ni baba yangu. Seli hii iliamriwa igawanyike, nayo ikakumbuka."

"Na kama ingegawanyika?"

"Asingebaki."

Jaji akakaa. Akasema, "Zikomo," asante ya Kichewa, basi, na sisi tukarudi Dzaleka tukiamini dakika nne zile zimetumaliza.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Yalifika kwa simu ya Papa Rodrigue, naye hakuja kwangu. Akamwambia Véronique. Véronique akamwambia Léonidas. Léonidas akaenda kwa Asumani, na Asumani akafunga meza yake ya chumvi, akaja barazani, akanisalimia, akaniuliza nimeamkaje, cherehani imeamkaje, mvua inaonekanaje, mpaka nikataka kumpiga na mkasi. Ndipo akatoa kitambaa cha njano mfukoni na kunibandika begani.

"Amepata," akasema. "Mutoto amepata."

Kwaya haijagawanyika tangu siku ile, na kazi yangu imepungua, msinifanye nijidai ninafurahi. Lakini nikitaka mkono wa Lucien, ninamwita mtu yeyote anayepita na ndoo. "Mkono?" ninauliza. "Makumi sita na mbili!" anajibu, bila hata kusimama.

Juma moja kabla Raïssa hajaondoka, Léonidas alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda, akaimba polepole huku mi ninakata kitambaa cheupe. Nilipotaka kuhakikisha shingo, aliirudia. Tulimaliza shati kabla ya chakula cha mchana, na akala nsima, ugali wa huku, kwetu, akiwa bado hathubutu kunitazama usoni.

Raïssa alilivaa siku ya kuondoka. Mabega yalimshuka, mikono ikapita vidole. Nikachukua pini, nikapiga magoti kuukunja mkono ule nimpunguzie kidogo, apendeze huko kwa watu.

"Usipunguze, Mama," akasema, akaurudisha mkono nyuma. "Papa alikuwa hivi."